Mji wa Jumapili Saa Kumi

Kila Jumapili saa kumi mchana simu ya Mama Jeanne ililia, na mteja aliyekuwa chini ya mikono yake, awe amesukwa nusu kichwa au robo, alijua sasa atangoja. Si kungoja kimya. Simu iliwekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, na ua mzima wa ile nyumba ya mtaa wa Bellevue, Johannesburg, yenye vyumba kumi na moja na bomba moja, ukamsikia Ruphin akiongea kutoka Ufaransa.

"Mama, leo nikuambie habari ya daraja."

"Niambie, mwanangu."

Basi anaeleza. Daraja la Montcerval lina matao matano, lilijengwa mwaka elfu moja mia nne na kumi na mbili, na tao la katikati lilivunjwa wakati wa vita, likajengwa upya kwa mawe ya rangi nyingine, kwa hiyo ukiliangalia kwa mbali unaona kama mtu aliyeweka jino jipya. Jumapili iliyofuata akaeleza mto. Iliyofuata, watengenezaji ngozi, namna walivyokuwa wanaosha ngozi mtoni mpaka maji yanabadilika rangi, na mtaa wao bado upo, unashuka kwa ngazi. Akaeleza ukuta wa zamani, mnara ambao ulikuwa gereza, soko la farasi ambalo siku hizi ni soko la jibini na mboga, kila Alhamisi. Nyuma ya kanisa kubwa, alisema, kuna nyumba nyembamba yenye mlango wa buluu. Hapo ndipo anapokaa.

Watu wa ua walizoea. Mama Tabia, mtu wa Tanga, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye chapati zake.

"Wewe Ruphin, huo mto umejaa?"

"Haujai, Mama Tabia. Kuna ukuta pande zote mbili."

"Mto gani usiojaa? Huo mfereji, baba, usitudanganye."

Watu wanacheka, Ruphin naye anacheka, na Mama Jeanne anafuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vina mafuta ya nywele.

Masika, mdogo wake Ruphin, ndiye aliyechora ramani. Alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa kuongea kidogo. Shuleni walimu walimsahau hata akiwa kiti cha mbele. Kiswahili chake, Mama Tabia alikuwa anasema, kimevaa sare ya shule, maana katikati ya sentensi lazima kiingie Kizungu. Lakini mkono wake ulijua kuchora. Mama alimpa kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma, na kila Jumapili aliongeza: mto, daraja, ngazi, mnara, mlango wa buluu. Siku Ruphin aliposema mji uko mita mia mbili na arobaini juu ya bahari, mama akauliza, na sisi hapa? Masika akatafuta kwenye simu. Elfu moja mia saba na zaidi.

"Basi tuko juu yake," mama akasema. "Nikimwaga maji hapa yatamfikia."

Vita ilipowatoa Butembo, kule Kongo, Ruphin alikuwa na miaka kumi na tisa. Yeye alishika njia ya kaskazini na wenzake, mama alishika ya kusini na Masika. Baba yao alikuwa ameshafariki. Huku kusini mama alipata karatasi ya ukimbizi, ile ambayo unaweza kukaa nayo lakini huwezi kuvuka nayo mpaka hata mmoja. Kwa hiyo alikuwa hajamwona mwanawe miaka sita, na miaka mitatu ya mwisho alikuwa na ule mji tu. Aliujua kuliko anavyoijua Johannesburg. Hapa alijua Rockey Street, kanisa, na njia ya teksi mpaka Joubert Park kwa shemeji yake. Kule alijua hata ngazi ni ngapi.

Miezi ya mwisho Ruphin alipunguza kueleza. Alikuwa anasema, "Mama, leo nyinyi ndio mueleze. Huko kuna nini?" Mama akamwambia mvua, bei ya nyanya, robot, ile taa ya magari ya kona, ambayo haiwaki. Alifurahi. Alisema mtoto amekuwa mtu mzima, ameanza kuuliza habari za wengine.

Jumatano moja ikaja ujumbe kwa namba isiyojulikana. Mwanamke anaitwa Clémentine, mwalimu aliyestaafu, anaandika kutoka Montcerval. Masika alisoma kwa Kifaransa chake cha kanisani na kwa msaada wa simu. Alisoma mara tatu, akitumaini simu imetafsiri vibaya. Ruphin alikuwa amekutwa amekufa kitandani. Moyo ulisimama. Ijumaa mji ulimzika kwenye makaburi yake, kwa sababu hakuna wa kumsafirisha, na Mama Jeanne hakuwa na karatasi ya kwenda.

Matanga yakawekwa uani. Turubai, viti vya kanisa, picha ya Ruphin kwenye meza na kitambaa cheupe. Kwa watu wa kwao, matanga hayafungwi mpaka mtu wa familia asimame atoe istoriki: ugonjwa ulianza siku gani, alikuwa wapi, nani alikuwa naye, nani alimpa maji, nani alimfunga macho, amelala udongo gani. Na waliokaa wana haki ya kuuliza. Istoriki ikiwa na tundu, watu wanaliziba kwa jina la mtu.

Tundu lilikuwepo. Masika alikuwa bombani akiosha vikombe, wanawake wawili wa kwaya wamesimama nyuma ya turubai wakidhani hayupo.

"Kijana mwenye nguvu namna ile."

"Na mahali pazuri. Si wote tulisikia? Mto, hewa safi, nyumba nyuma ya kanisa."

"Mtu hafi hivi hivi mahali pale."

"Njo maana nasema. Iko mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe alikuwa na maneno naye kwenye simu mwaka jana. Sisemi jina."

Hakusema, lakini Masika alijua. Baba mkubwa Ignace, kaka wa marehemu baba yao, aligombana na Ruphin mwaka jana. Alitaka kijana aoe, Ruphin akamwambia bado, wakapandishiana sauti mbele ya ua mzima. Ni jambo dogo. Sasa lilikuwa limekua.

Jioni hiyo mama akamwita Masika. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, hajasuka kichwa cha mtu siku tatu, vidole vinahangaika peke yao.

"Jumapili njo wewe utasimama."

"Mimi? Mama, please. Baba mkubwa ndiye mkubwa."

"Baba mkubwa hajui kusoma maneno ya yule mama. Na mji ule ni wewe uliuchora. Utawaambia watu mtoto wangu alikaa wapi. Wasifikiri alikufa kama mtu wa njiani." Akashika ukingo wa mkeka. "Muombe yule mama picha ya nyumba yake. Ule mlango."

Masika akaandika. Jibu lilikuja Jumamosi mchana, picha tatu na ujumbe mrefu wa sauti wa Clémentine, sauti ya bibi anayechagua maneno.

Picha ya kwanza ilikuwa jengo refu la chini, ukuta wa kijivu, madirisha madogo yaliyofanana, na mbele yake barabara kuu yenye malori. Ya pili, kituo cha basi cha kioo upande wa pili wa barabara. Ya tatu, bango la pale kituoni.

Nyumba nyuma ya kanisa haikuwepo, bibi alisema. Ruphin aliishi kwenye bweni la wafanyakazi wa kichinjio cha kuku, kilomita sita nje ya mji. Alifanya kazi zamu ya usiku. Mjini yeye Clémentine alimwona mara mbili, labda tatu. Mabasi ya kwenda huko ni mawili kwa siku, na Jumapili hayapo kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda bwenini kwa gari lake kuwafundisha Kifaransa. Ruphin alikuwa anamchekesha, anamwambia, madame, mimi najua historia ya mji wenu kuliko nyinyi. Na kweli alijua. Jumapili mtandao ulikuwa hafifu mle ndani, kwa hiyo alivuka barabara, akasimama pale kituoni, akapiga simu nyumbani. Akasimulia pia ile asubuhi ya mwisho, kama alivyoisikia kwa wenzake. Samahani kama sikueleza mapema, bibi alisema. Nilidhani mnajua.

Masika akaikuza ile picha ya bango. Lilikuwa la watalii, rangi imeliwa na jua. Lilianza na daraja, matao matano, mwaka, tao la katikati. Chini yake mto. Chini yake watengenezaji ngozi. Ukuta, mnara, soko la farasi. Mstari kwa mstari, kwa mpangilio uleule wa zile Jumapili. Kwenye kona kulikuwa na picha ndogo ya mtaa wa nyuma ya kanisa, na katika mtaa ule nyumba moja nyembamba ilikuwa na mlango wa buluu. Bango likaishia na stesheni ya treni iliyofungwa, na idadi ya watu, elfu tatu mia moja na arobaini.

Akakumbuka ni mwezi gani kaka yake alieleza ile stesheni. Ni mwezi huohuo alioanza kusema, leo nyinyi ndio mueleze.

Baba mkubwa Ignace alifika saa kumi na moja akiwa bado na sare ya ulinzi, ametoka zamu ya jengo la Joubert Park. Masika akamvuta pembeni, karibu na matairi ya zamani yaliyorundikwa uani, akamwonyesha. Alimweleza kwa maneno machache, akichanganya. Mzee alitazama picha ya kwanza muda mrefu.

"Inafanana na zile hosteli za wafanyakazi za Jeppestown," akasema.

"Mama hajui."

"Naona hajui."

"Nimwambie leo?"

"Ukimwambia leo, kesho atakukataza kusema."

"So nifanye nini?"

Mzee akamrudishia simu. "Umesikia wanachosema juu yangu?"

Masika akaangalia chini. "Nimesikia."

"Bon. Usifanye kwa ajili yangu. Mimi miaka tisa nalinda mlango wa watu, nimezoea kuangaliwa vibaya." Akajaribu kucheka. "Hata jana mtoto wa ghorofa ya nne aliniambia nina sura ya mwizi. Na mimi ndiye mwenye ufunguo."

Masika hakumwambia mama. Usingizi haukumjia vizuri, na asubuhi ya Jumapili alijiambia atasema wakati wa chai, halafu wakati wa kuvaa. Mama alikuwa anamfunga kitambaa kichwani, anakikaza, anakifungua tena.

"Mama, yule bibi alituma picha."

"Utanionyesha baada. Leo macho yangu hayaoni vizuri." Akakaza kitambaa. "Anza na daraja. Halafu mto. Usikimbie. Kwenye ngazi useme idadi, watu wa kwetu wanapenda hesabu."

"Mama..."

"Ni arobaini na mbili, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

Saa tisa ua ulijaa. Walikuja watu wa kanisa, wateja wa mama, jamaa wa Butembo kutoka pande zote, hata Watanzania wawili wa duka la simu waliokuwa wakimsikia Ruphin Jumapili. Shemasi Octave aliomba, kwaya ikaimba, halafu jina la Masika likaitwa. Akasimama kando ya picha.

"Kaka yangu," akaanza.

"Sauti, mwanangu," Mama Tabia akasema kutoka nyuma. "Sisi sio walimu wako, hatukupi alama."

Watu wakacheka kidogo, na kile kicheko kikamsaidia. Akaanza na daraja. Matao matano. Tao la katikati. Alipoangalia mstari wa mbele aliona midomo ya mama inatembea pamoja na yake, neno kwa neno, macho yamefungwa. Akaeleza mto. Akaeleza ngozi. Akasema ngazi ni arobaini na mbili, na wazee wakaitikia. Ilikuwa rahisi. Angeweza kwenda hivyo mpaka mwisho, mpaka stesheni, halafu aseme moyo ulisimama, halafu akae.

Akasema moyo ulisimama. Shemasi Octave akainua mkono.

"Pole, binti yetu. Umesema vizuri. Lakini tuulize, maana njo desturi. Nyumba nyuma ya kanisa, katikati ya mji, majirani kila upande. Alilala akiwa mzima. Hakuna mtu alisikia? Hakuna aliyemletea hata maji?"

"Iko kitu," mwanamke mmoja akasema taratibu, lakini si taratibu ya kutosha.

Masika akatafuta uso wa baba mkubwa. Alikuwa amekaa mstari wa pili, suti yake ya pekee, mikono juu ya magoti. Ua umejaa, watu wamesimama hadi getini, na viti viwili vya kulia kwake na kimoja cha kushoto vilikuwa vitupu.

"Hakukaa nyuma ya kanisa," Masika akasema.

Mama akafungua macho.

"Hakukaa mjini. Alikaa barabarani, kilomita sita, kwenye... ni kama hosteli. Watu wanane chumba kimoja. Alikuwa anachinja kuku usiku kucha. Asubuhi ile alitoka kazini, akasema kifua kinabana, akasema atalala. Wenzake walikuwa wa zamu ya mchana, walikwenda. Aliyerudi kwanza alimkuta. Maji hakuna aliyempa. Macho alimfunga kijana mmoja wa Guinea, yule bibi hajui jina lake." Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu, na hakujua namna ya kusimama. "Hayo ya daraja yalikuwa yameandikwa kwenye bango. Kituoni. Alikuwa anatusomea. Mjini alifika mara mbili, labda tatu. Na siku ya kuzikwa."

Nje teksi zilipiga honi, mtu akaita abiria wa Hillbrow. Shemasi Octave alibaki amesimama, kama mtu aliyesahau alichoinukia. Halafu akapita katikati ya magoti ya watu, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha kushoto kwa Ignace. Baada yake mwanamke mmoja wa kwaya naye akahama.

Mama Jeanne hakulia. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mteja.

"Mimi nilikuwa naombea daraja," akasema. "Kila siku. Mungu shika lile daraja mwanangu akipita. Mungu mshike kwenye zile ngazi wakati wa barafu. Ule mnara usimwangukie. Miaka mitatu." Akageuka kwa Mama Tabia aliyekuwa amekuja kumshika bega. "Na mtoto wangu alikuwa anavuka barabara ya malori. Hata Jumapili moja sikuiombea ile barabara."

"Hukuambiwa, mama," Tabia akasema. "Hukuambiwa."

"Nani alikuwa anamlinda pale, kama mimi nilikuwa mahali pengine?"

Hapo ndipo sauti ikavunjika, na wanawake wakamzunguka, na kilio kikapanda ambacho hakikuwa kimepanda siku zote zile za matanga. Baba mkubwa Ignace alitoka nje ya geti, akasimama ameelekea ukutani. Matanga yalifungwa jioni ile. Watu walikula, wakakunja turubai, wakaondoka. Hakuna aliyetaja tena mkono wa mtu.

Siku mbili mama hakumsemesha Masika. Si kwa hasira ya kupiga mlango. Alimpakulia chakula, alimwekea sare kwenye kiti, lakini maneno hakuna. Masika aliitoa ramani ukutani, mama akaona, hakusema iache wala itoe. Akaiweka chini ya godoro.

Jumanne mama alirudi kusuka. Mteja alikuwa msichana wa Kizulu aliyetaka nywele ndefu mpaka kiunoni, kazi ya siku nzima. Masika aliporudi kutoka shuleni alikaa kwenye ndoo, akaanza kumtengea mafungu ya nywele kama kawaida.

"Kile kitanda," mama akasema ghafla, bila kumwangalia. "Kiko karibu na dirisha au karibu na mlango?"

"Sijui, mama."

"Usiku anapokwenda kazini, kuna taa barabarani?"

"Sijui."

"Muulize yule bibi." Vidole vilikuwa vinakwenda, kushika, kugawa, kupitisha. "Muulize pia sasa hivi analala nani pale. Kama ni yule wa Guinea, au mwingine. Atuambie jina. Ni mtoto wa mtu pia, na huenda mama yake naye hajui yuko wapi."

Masika akaandika, akabonyeza, akaiweka simu juu ya paja. Walifanya kazi karibu saa nzima. Msichana wa Kizulu alisinzia. Simu ilipotetemeka, mama alisimamisha mikono.

"Anasema taa haipo," Masika akasoma. "Anasema kitanda kiko ukutani, mbali na dirisha."

"Na nani yuko?"

"Hakuna mtu. Godoro wamelitoa. Wale wengine hawataki kulala pale."

Mama akatikisa kichwa polepole, mara mbili. Halafu akamgusa yule msichana shavuni, akamwambia kwa Kizulu chake kibovu ainamishe kichwa kidogo, anafika nyuma ya shingo.